Siku za Mwisho za Safari ya Bahari

Watu wengi wamekwisha kuandika habari za safari za bahari. Nao husimulia sana habari za kung'oa nanga, na mawimbi makubwa, na visiwa vya kigeni, lakini wafikapo siku za mwisho, huandika neno moja tu: "Tukafika salama." Sisi twaona ya kuwa neno hilo moja limeficha mambo mengi. Kwa hiyo leo hatutaeleza safari yetu yote, ila zile siku kumi na sita za mwisho, tokea mji wa Horta katika visiwa vya Azores hata bandari ya Falmouth katika Uingereza.

Chombo chetu kilikuwa chombo cha starehe, maana yake hakichukui shehena wala abiria wa nauli. Matajiri huvitengeneza vyombo kama hivi ili watembee baharini kwa furaha yao. Urefu wake ulikuwa futi 42, nacho kilikuwa na milingoti miwili. Mwenyewe alikwisha kurudi kwao kwa ndege, akamwachia nahodha kazi ya kukifikisha. Sisi chomboni tulikuwa watu watano: nahodha, mzee wa Lamu aliyekulia katika majahazi, mabaharia wawili wa Kilifi, kijana mmoja wa Mombasa, na mwandishi wa habari hizi, aliyetwaliwa kuwa mpishi na mshika daftari ya safari. Tulitoka Kilindini mwezi wa Oktoba, tukapita mlango wa bahari wa Msumbiji, tukazunguka Rasi ya Tumaini Jema mwezi wa Januari, tukatua St Helena na Ascension, hata mwisho wa Mei tukaingia Horta. Maili za bahari karibu 8,000 zilikuwa nyuma yetu. Mbele zilisalia kama 1,200. Basi kila mtu moyoni mwake alikuwa amekwisha kufika.

Mji wa Horta uko katika kisiwa cha Faial, nchi ya Wareno. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari kimesimama kisiwa cha Pico, na mlima wake una urefu wa mita 2,351. Katika nchi yote ya Ureno hakuna mlima uupitao. Vyombo vya starehe vivukavyo bahari ya Atlantiki hupumzika hapo, na mabaharia wake huchora picha katika kuta za bandari, jina la chombo na mwaka. Picha ni nyingi hata huwezi kukanyaga mahali pasipo rangi. Wenyeji husema ya kwamba chombo kiondokacho bila kuchora hupatwa na msiba. Sisi tulichora mnazi na jahazi, si kwa hofu ya maneno hayo, bali kwa heshima ya wenzetu waliotangulia.

Hapo ndipo kijana wetu alipopata habari za mama yake. Mama huyo ni muuguzi, naye amekaa Uingereza miaka mingi akifanya kazi. Alikuwa mgonjwa, na waganga walikuwa wamemwekea siku ya kupasuliwa. Kijana akahesabu: siku hiyo itakuwa ya kumi na tano tangu kuondoka kwetu, na nahodha alitarajia kufika siku ya kumi. Nauli ya ndege hakuwa nayo. Akasema, "Chombo kitanifikisha." Basi tukang'oa nanga adhuhuri, pepo njema ikavuma siku mbili, tukaenda maili 200.

Siku ya tatu upepo ukafa. Katika pande zile za Azores, wakati wa kiangazi, hewa nzito hukaa juu ya bahari, na pepo huzunguka pembeni mwake. Atakayeingia katikati hupata shwari. Bahari ikawa kama mafuta katika sahani. Matanga yakaning'inia. Mashine tulikuwa nayo, lakini mafuta yake yalikuwa kidogo, na nahodha aliyaweka kwa ajili ya kuingia bandarini na kukwepa merikebu kubwa. Siku nne tulikaa hivyo, tukaenda maili 50 tu. Kijana alikuwa akiandika hesabu kwa kalamu ya risasi juu ya ubao karibu na jiko, akifuta, akiandika tena.

Katika jioni za shwari nahodha alitusimulia habari za mashindano ya mwaka 1968, kwa maana alisema, "Mambo yale yaliishia katika maji haya haya." Nasi twayaandika hapa, maana ni mambo ya kweli, tena yafaa.

Mwaka ule gazeti la Sunday Times la London lilitoa tuzo, nalo likaitwa Golden Globe, kwa mtu atakayetangulia kuzunguka dunia kwa tanga, peke yake, pasipo kutua popote. Na paundi 5,000 kwa atakayekwenda upesi kupita wote. Wakaondoka watu tisa. Akamaliza mmoja. Lakini nahodha hakutaka kusimulia habari za wote tisa. Alichagua wanne, wale waliouona mwisho karibu.

Wa kwanza ni Robin Knox-Johnston. Chombo chake kilikuwa kidogo, futi 32, kilichoundwa kwa msaji huko Bombay, nacho kiliitwa Suhaili. Tuliposikia jina hilo tulicheka, kwa kuwa mabaharia wa pwani yetu nao huita upande wa kusini suheli. Ni neno lile lile la Kiarabu. Mtu huyo aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968. Redio yake ikaharibika, na mtambo wa kujiongoza ukavunjika. Alipoonekana New Zealand mwezi wa Novemba, hakusikiwa tena zaidi ya miezi minne, hata tarehe 6 Aprili 1969, alipoonana na merikebu ya mafuta karibu na Azores. Toka hapo alikuwa na njia ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Naye aliimaliza kwa mwendo wake ule ule wa polepole, akishona matanga yaliyochanika, akafika tarehe 22 Aprili, baada ya siku 312.

Wa pili ni Bernard Moitessier, Mfaransa. Alikwisha kuizunguka Rasi ya Horn, na chombo chake kilikuwa kikienda upesi. Wengi walidhani atapata paundi zile. Lakini alipofikiri habari za makelele na sifa zinazomngoja, hakuelekea kaskazini. Akaendelea mashariki, akaipita Rasi ya Tumaini Jema mara ya pili, akaenda mpaka Tahiti, akafika tarehe 21 Juni 1969. Nahodha hakumsifu wala hakumlaumu. Alisema tu, "Yule aliuogopa mwisho kuliko bahari."

Wa tatu na wa nne habari zao zimefungana. Nigel Tetley alikuwa na chombo chenye umbo la ngalawa, mwili mmoja katikati na mmoja kila ubavu. Chombo kilikuwa kimechoka, mbao zimelegea, lakini yeye alikuwa amekwisha kuzunguka dunia na amekaribia kwao. Akasikia kwa redio ya kuwa Donald Crowhurst anakuja nyuma yake kwa mbio nyingi. Basi akakilazimisha chombo chake kibovu kwenda kwa nguvu katika dharuba. Usiku, mwezi wa Mei 1969, kikavunjika si mbali na Azores, nazo zimebaki maili kama 1,100. Mwenyewe aliokolewa katika boya la mpira. Na yule aliyekuwa akimkimbiza hakuwa akimkimbiza. Crowhurst hakutoka katika bahari ya Atlantiki tangu alipoondoka; alikuwa akizunguka pale pale, akiandika hesabu za uongo na kupeleka habari za uongo. Alitumaini kurudi nyuma ya Tetley, asiangaliwe sana. Tetley alipozama, zile paundi 5,000 zikawa zake yeye, na pamoja nazo wakaguzi wa daftari. Hakuweza kufika, wala hakuweza kurudi alikotoka. Tarehe 10 Julai chombo chake kilionekana baharini hakina mtu. Basi zile fedha alipewa Knox-Johnston, naye akazitoa zote kwa mke na watoto wa marehemu.

Nahodha alipomaliza, hakuna aliyesema neno. Kijana akauliza, "Mzee, kama Tetley angalienda polepole, angalifika?" Nahodha akajibu, "Huenda. Chombo kilikuwa kimemfikisha mpaka hapa."

Siku ya saba upepo ukaja, kutoka kusini-magharibi, mzuri, wenye nguvu. Siku nne tukaenda maili 130 kila siku. Pomboo wakacheza mbele ya omo, na kijana akaimba. Adhuhuri ya siku ya kumi zilikuwa zimesalia maili 430. Kwa mwendo ule tungeingia Falmouth siku ya kumi na nne, usiku wa kuamkia siku ya kupasuliwa mama yake.

Jioni ile baharia mmoja, alipokuwa akipita upande wa joshini, ndiko utokako upepo, alipitisha mkono wake juu ya waya ushikao mlingoti mkuu. Akautoa mkono una damu. Waya ule husokotwa kwa nyuzi kumi na tisa za chuma. Tatu zilikuwa zimekatika, zimesimama kama miiba. Ukikatika wote, mlingoti huanguka, nao ukianguka huweza kutoboa chombo.

Nahodha akaamuru tanga kuu lishushwe, libaki tanga dogo la mbele. Akafunga kamba ngumu ya akiba sambamba na waya, akaikaza. Mwendo ukapungua, ukawa maili 80 kwa siku. Kijana hakuhitaji kuandika juu ya ubao. Hesabu ilikuwa wazi. Tutafika siku ya kumi na sita.

Akamwendea nahodha, akasema kwa adabu, "Mzee, zimekatika tatu. Zimebaki kumi na sita. Je, hazitatushika siku nne?"

Nahodha akasema, "Mwanangu, hizo tatu ni zile ulizoziona. Za ndani umezihesabu?"

Kijana akasema, "Wahenga walisema, Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Nahodha hakukasirika. Akamjibu, "Walisema kweli. Lakini hawakusema tumpakie mwana katika chombo kilichovunjika. Mama yako anamngoja mtoto, hangoji saa. Nikikufikisha umechelewa, atanisamehe. Nisipokufikisha, nitamwambia nini?"

Sisi wengine hatukuwa na la kusema. Mioyo yetu ilikuwa upande wa kijana, maana kila mmoja wetu ana mama au alikuwa naye. Lakini macho yetu yalikuwa juu ya waya. Kijana alikwenda akakaa peke yake penye omo. Ilipofika zamu yake, saa sita ya usiku, alikuja mwenyewe bila kuitwa, akashika usukani.

Usiku wa siku ya kumi na mbili ikaja dharuba yenye mvua, ikatupiga muda wa saa tatu. Chombo kililala ubavu, tukasikia mlingoti ukilia. Kulipopambazuka tukahesabu tena nyuzi zilizokatika. Zilikuwa saba. Kijana alizihesabu mara mbili kwa kidole, kisha akaenda akapika chai, akamletea nahodha kikombe cha kwanza.

Siku ya kumi na nne bahari ikabadilika. Tangu Horta chini yetu kilikuwa kilindi cha maelfu ya mita, na mashine ipimayo kina haikuonyesha kitu. Asubuhi ile tarakimu zikatokea ghafula: tumefika juu ya ile ngazi ambapo bahari ya Ulaya hupanda mpaka kina cha mita 200 hivi, ndizo kama pima 100. Maji yakaacha rangi ya nili, yakawa ya kijani. Tukaona ndege wakubwa weupe, ncha za mabawa nyeusi, wakijitupa majini kama mishale. Nahodha akatueleza ya kuwa mabaharia wa zamani walijua mahali hapa kwa bildi: walipaka shahamu chini ya risasi, wakaitumbukiza, nayo ikaleta mchanga au makombe, wakajua wako wapi. Siku hizi setilaiti hutuonyesha mahali petu, lakini mzee yule alitutuma kupima vile vile. Alisema, "Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja."

Na sababu ya kusema hivyo iko karibu. Usiku wa siku ya kumi na tano tuliona upande wa kaskazini taa ya Bishop Rock, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1858 juu ya mwamba wa mwisho wa visiwa vya Scilly. Kabla haijakuwako taa hiyo, tarehe 22 Oktoba 1707, manowari za Waingereza zilikuwa zikirudi kwao kutoka bahari ya Mediterania chini ya mkuu wao Sir Cloudesley Shovell. Walidhani wako katika maji salama ya mlango wa Uingereza, kumbe hesabu yao ilikuwa na kosa. Manowari nne zilipotea, na zaidi ya watu 1,400 wakafa, nyumbani kwao kuko karibu. Miaka saba baadaye, mwaka 1714, bunge lao liliweka tuzo kubwa, hata paundi 20,000, kwa atakayepata njia ya kujua chombo kiko wapi upande wa mashariki na magharibi. Usiku ule wote tulikesha watu wawili wawili, kwa maana merikebu kubwa zilikuwa zikipita pande zote, taa zao kama mji unaokwenda. Kijana hakulala kabisa. Ilikuwa ndiyo siku yenyewe.

Asubuhi ya siku ya kumi na sita ukungu ukainuka, tukaona nchi: majabali ya Lizard, nayo ndiyo ncha ya kusini kabisa ya bara ya Uingereza, na mnara wake mweupe, na mashamba ya kijani juu yake. Harufu ya majani ikatufikia kabla hatujaona mti. Tulipokaribia, simu ya kijana ikalia mfululizo, maneno ya siku nyingi yakiingia kwa pamoja. Akaichukua akaenda mbele. Sisi tukajifanya tunakunja kamba. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Alipasuliwa jana. Yu hai. Ameuliza kama nimekula." Mpishi aliona haya, kwa kuwa kijana alikuwa hajala tangu juzi, akampakulia wali, naye akaumaliza mbele yetu.

Hata hapo nahodha hakuruhusu tanga kuu lipandishwe. Kati ya Lizard na Falmouth mna miamba iitwayo Manacles, nayo imevunja merikebu nyingi. Tukaizunguka mbali. Alasiri tukauona mlango wa bandari: upande wa kushoto ngome ya Pendennis, iliyojengwa na mfalme Henry wa Nane katika miaka ya 1540, upande wa kulia ngome ya St Mawes, na katikati mwamba uitwao Black Rock. Hapo ndipo Suhaili alipoingia, saa tisa na dakika 25 alasiri. Husimuliwa ya kuwa watu wa forodha walimpandia wakamwuliza, kama ilivyo desturi, "Umetoka bandari gani?" Naye akajibu, "Falmouth." Nasi tulitweka bendera ya manjano, maana yake chombo kimetoka nchi za nje, tukatia nanga. Afisa akaja akauliza swali lile lile. Nahodha akasema, "Mombasa." Kijana aliomba ruhusa ashuke kwanza, akapewa; akambusu mzee mkono, akaenda mbio kituo cha gari la moshi.

Siku ya pili fundi alipanda mlingotini kuufungua waya. Ulipokuwa mikononi mwake aliukunja kidogo tu, nyuzi mbili zaidi zikakatika hapo hapo, tunaona.

Wasomaji wetu, wahenga wa pwani husema, Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hatukuandika habari hii ili tuwafundishe kuogopa, wala hatusemi ya kuwa kwenda polepole ni wema siku zote. Kuna siku za kupandisha tanga lote. Tunasema hivi tu: kukaribia si kufika. Nyumba huezekwa mwishoni, na ndipo watu huanguka darini. Mgonjwa apatapo nafuu ndipo dawa husahauliwa. Mwanafunzi aliyebakiza mwezi mmoja ndiye afungaye vitabu mapema, na mwalimu aliyechoka humwacha. Aliyelipa deni lake ila shilingi chache ndiye akopaye tena. Kazi iliyotufikisha karibu, iwe ni subira au ukweli wa hesabu, hiyo hiyo ndiyo itufikishayo. Hatuwezi kuitupa kwa sababu tumeona taa za nyumbani.

Basi katika nyumba yako, wewe usomaye, liko jambo lililobakiza maili chache. Pitisha mkono juu ya waya kabla ya usiku.

Wasalaam.